Funga Madirisha Kwanza, Ndipo Tuongee Mashine

Mteja mwingine akiniambia "fundi, nimewasha mashine ya kunyonya unyevu na madirisha nimeyaacha wazi ili unyevu upate pa kutokea", namtoza mara mbili.

Ushauri huo wa kuacha madirisha wazi si wa uongo, ila ni wa nchi za baridi. Uingereza, mwezi wa kwanza, hewa ya nje ikiwa nyuzi 5 haiwezi kubeba hata gramu 7 za mvuke kwa mita ya ujazo. Ikiingia ndani ikapashwa hadi nyuzi 20, tayari ni kavu. Sasa njoo Dar au Tanga masika yamekolea: nyuzi 30, unyevu asilimia 80, gramu 24 kwa kila mita ya ujazo. Unamfungulia nani dirisha?

Tupige hesabu, maana hapa ndipo watu wanaponibishia. Sebule ya mita 4 kwa 5, dari mita 2.7, ni mita za ujazo 54. Kuitoa kwenye asilimia 80 hadi 55 unavuna kama gramu 400 tu za maji. Haifiki nusu lita! Mbona basi tangi linajaa kila siku? Kwa sababu hewa mpya haikomi kuingia. Hewa yote ya chumba ikibadilika mara moja tu kwa saa, unaletewa karibu lita 10 kwa siku. Ikibadilika mara mbili, mashine ya kuvuna lita 20 kwa siku imeelemewa, na dirisha wazi lenye upepo wa bahari halikupi mara mbili, linakupa nyingi kuliko hizo. Hapo unakumba maji kwenye ngalawa iliyotoboka.

Na dirisha ni mwanzo tu. Kuna matundu ya hewa juu yake, luva zisizofunga vizuri, mlango wenye uwazi wa vidole viwili chini. Kama madirisha yako yana wavu wa mbu bila kioo, weka hela yako mfukoni. Au chagua chumba kimoja, kile ambacho viatu vya ngozi na makoti vinaota ukungu, ukizibe hicho.

Aina ya mashine: ya kompresa, kama ya friji, basi. Zile zinazokausha kwa kemikali zinafaa kwenye baridi. Huku zitakula luku na kukuchemsha. Vile vidude vya mezani visivyo na kompresa, labda ndani ya kabati.

Lita zilizoandikwa kwenye boksi nyingi zimepimwa kwenye nyuzi 30 na asilimia 80. Ulaya kwenye baridi ni danganya toto. Kwetu ni kweli, mpaka chumba kianze kukauka, kisha zinapungua. Za Marekani huandikwa painti (50 ni karibu lita 24), na tangu 2019 wanazipima kwenye ubaridi zaidi, kwa hiyo namba ndogo kwenye boksi jipya haina maana kwamba mashine imedhoofika.

Halafu, jamani, mashine hii haipoozi chumba. Kila lita ya mvuke ikigeuka maji inaachia joto la karibu theluthi mbili za uniti ya umeme, jumlisha na umeme wa kompresa yenyewe. Chumba kitapanda joto. Ukitaka ubaridi na ukavu pamoja, hiyo ni kazi ya AC, tena isiwe kubwa kupita chumba, kwani inapoza upesi na kujizima kabla haijakausha kitu.

Vitabu vinasema itegeshe kwenye unyevu wa asilimia 50. Mimi naweka 60, na hata hiyo 60 siiamini sana, maana kipimo cha mashine kinasoma hewa iliyo jirani na mashine. Nyuma ya kabati lililobanwa na ukuta ni nchi nyingine. Nunua kipima unyevu kidogo, kiweke huko nyuma, ndicho ukisikilize. Na livute kabati kidogo toka ukutani, ni bure.

Ukuta unaochanua chumvi na kubanduka rangi upande wa chini unanyonya maji kutoka ardhini. Huo mwachie fundi ujenzi.

Chagua mashine yenye tundu la mpira wa kutolea maji, usije ukaamka usiku kumwaga tangi. Maji yake deki nayo tu. Kwenye betri ya gari usiyatie, yana vumbi na madini ya koili. Kunywa ndiyo kabisa, usiniulize tena.