Maumivu ya kesho yake sio asidi

Wengi tunaopanda kilima cha Mlimwa hapa Dodoma Jumamosi, Jumapili mapaja hayagusiki, na lazima mtu aseme ni asidi ya laktiki imeganda kwenye misuli. Hapana jamani, lakteti (ndo hiyo asidi ilivyo ndani ya mwili) inaisha kwenye damu ndani ya saa moja au mbili tu, tena moyo wenyewe unaichoma kupata nishati, so hiyo masaji ya "kutoa asidi" unalipia hewa. Kinachouma ni nyuzi za misuli zilizochanika kidogokidogo, hasa ukiwa unashuka, maana hapo paja linakaza huku linavutwa. Halafu ndani ya seli nishati ikipungua, protini inaitwa AMPK inaamka na kuwasha jeni za kutengeneza mitokondria (vile viwanda vidogo vya nishati ndani ya seli) zaidi, ndo maana ukikomaa wiki kadhaa unapanda huku unapiga stori.