Musashi: nchi iliyofunikwa na jina la mtu mmoja

Mtajie mpenzi wa sinema au katuni za Kijapani neno Musashi, naye atakuonyesha mtu mmoja tu: mwanamume wa nywele ndefu, panga mbili mikononi, asiyeshindwa. Mtu huyo, samurai Miyamoto Musashi, alikuwepo kweli. Lakini kuna manowari iliyoitwa Musashi, mwanamieleka, mtawa wa kale, jambazi wa katuni na stesheni za treni chungu nzima, na watu huwachukulia wote kuwa wamerithi jina kwa samurai huyo. Naona hilo ni kuidhulumu nchi iliyolibeba jina hilo karne nyingi kabla yake, na inayolibeba hadi leo. Hapa chini nanukuu dhana zinazosikika, kila moja na jibu lake.

"Musashi ni jina la samurai, na vingine vyote vimeitwa kwa heshima yake"

Musashi kwanza ni ardhi. Lilikuwa jimbo la kale lililoenea katika sehemu kubwa ya Tokyo ya leo, Saitama, na upande wa Kanagawa wenye Kawasaki na sehemu kubwa ya Yokohama. Makao ya serikali ya jimbo yalikuwa Fuchū, mji ulioko magharibi mwa Tokyo. Jirani yake, Kokubunji, unaendelea kuitwa kwa jina la hekalu la jimbo lililojengwa karne ya 8 kufuatia amri ya Mfalme Shōmu ya mwaka 741. Majimbo haya yalipoteza nafasi yake serikali ya Meiji ilipounda mikoa mipya miaka ya 1870, lakini jina halikufa.

Wanaosoma kanji, alama za maandishi ya Kijapani, huongeza hoja nyingine: jina limeandikwa kwa alama ya vita na alama ya ghala, kwa hiyo lazima lilikuwa la wapiganaji tangu mwanzo. Sivyo. Kwenye vibao vya mbao vya zamani zaidi jimbo liliandikwa kwa alama tatu zilizoteuliwa kwa sauti tu. Mwaka 713 serikali iliagiza majina ya majimbo yaandikwe kwa alama mbili zenye maana njema, ndipo zikaja hizi tunazoziona. Sauti ilitangulia, vita vikaongezwa na makarani.

"Miyamoto Musashi alitoka Musashi"

Hakutoka huko. Katika utangulizi wa Go Rin no Sho, kitabu alichokiandika mwishoni mwa maisha yake, anasema mwenyewe kwamba ni mzaliwa wa Harima, eneo ambalo leo liko mkoa wa Hyōgo. Wengine wameshikilia kwamba alizaliwa Mimasaka, katika mkoa wa Okayama wa leo, na ubishi huo haujaisha. Popote utakaposimama kati ya hapo pawili, uko magharibi, mamia ya kilomita kutoka Musashi. Alifariki mwaka 1645 huko Kumamoto, kisiwani Kyushu, ambako ni mbali zaidi.

Jina alilipata wapi basi? Kwenye utangulizi huohuo anajiita Shinmen Musashi no Kami Fujiwara no Genshin. Musashi no Kami ni cheo cha gavana wa Musashi. Zamani sana kilikuwa kazi halisi yenye ofisi na kodi za kukusanya, lakini kufikia zama zake vyeo vya namna hiyo vilikuwa pambo ambalo wapiganaji walijivika bila kuitawala nchi iliyotajwa. Ni kama mtu wa Lamu ajiite Liwali wa Mombasa ilhali Mombasa hana hata chumba. Kwa hiyo nchi ndiyo iliyozaa cheo, cheo kikampa mtu jina, na mtu akawa maarufu kiasi kwamba nchi ikaonekana mtoto wake.

Wala hakuwa wa kwanza. Mtawa mpiganaji Benkei, anayesifiwa katika masimulizi kwamba alikufa akiwa amesimama wima huku mwili umejaa mishale, alijulikana kwa jina la Musashibō. Huyo ni mtu wa karne ya 12, miaka 400 hivi kabla ya bwana wa panga mbili.

"Alimchelewesha Kojirō makusudi, akamuua kwa kasia"

Hapa ndipo penye dhana iliyokita mizizi kuliko zote, na sitapita haraka. Kisa kinajulikana: mwaka 1612, kwenye kisiwa kidogo kati ya Honshu na Kyushu, mpiga upanga Sasaki Kojirō, mpinzani wake, anangoja tangu asubuhi. Musashi anafika saa zimepita, mkononi ana upanga wa mti aliouchonga ndani ya mtumbwi kutoka kwenye kasia. Kojirō amepandwa na hasira, anatupa ala ya upanga wake, na Musashi anamwambia kwamba kwa kuitupa ala amekwisha kushindwa.

Ni kisa kitamu. Ila Musashi mwenyewe, katika kitabu chake, hakumtaja Kojirō hata mara moja. Anasema alishinda pambano lake la kwanza akiwa na miaka 13, na kwamba hadi kufikia miaka 28 au 29 alipigana zaidi ya mara 60 bila kushindwa. Hesabu hiyo ni yake mwenyewe, na hatuna orodha ya mtu mwingine ya kuithibitisha. Ushahidi wa mapema ni mnara wa jiwe uliosimamishwa Kokura mwaka 1654 na mtoto wake wa kulea, Miyamoto Iori, miaka tisa baada ya kifo chake. Maandishi ya jiwe hilo yanataja pambano na mtu aitwaye Ganryū, anayechukuliwa kuwa ndiye Kojirō, yanasema Musashi alitumia upanga wa mti, na yanasema mashujaa hao wawili walifika kwa wakati mmoja. Hakuna kuchelewa. Habari za kuchelewa na ile kauli ya ala zimetoka kwenye maandishi ya karne ya 18, ambapo wote waliokuwepo walikuwa wamekufa zamani.

Kisha mwandishi Yoshikawa Eiji akaja na riwaya yake iliyochapishwa kwa mfululizo katika gazeti la Asahi kuanzia 1935 hadi 1939. Picha tuliyonayo vichwani, ya kijana mkorofi anayegeuka kuwa mtafuta hekima huku msichana aitwaye Otsū akimfuata kila njia, ni kazi ya riwaya hiyo. Otsū hakuwahi kuishi. Sinema na katuni nyingi zilizofuata zilichota kwenye kisima hichohicho, ndiyo maana zinafanana, na kufanana huko watu hukuchukulia kuwa ushahidi.

Mimi Musashi wa nyaraka ananivutia kuliko wa riwaya. Kuna barua yake baada ya vita vya kuzima uasi wa Shimabara, 1637 hadi 1638, anakoeleza kwamba alipigwa jiwe mguuni hata kusimama kukawa taabu. Asiyeshindwa, aliyelemazwa kwa muda na jiwe lililorushwa kutoka ukutani. Na kuna mchoro wake wa wino wa ndege mbuai aliyetua juu ya tawi kavu, mistari michache tu, ambao ungemhifadhia jina hata kama asingegusa upanga.

"Manowari Musashi iliitwa kwa jina lake"

Kosa hili nimelisoma mara nyingi, na ni rahisi kulisahihisha. Jeshi la Majini la Japani lilikuwa na desturi ya kuzipa manowari kubwa majina ya majimbo ya kale: Nagato, Mutsu, Ise, Hyūga, Yamato. Musashi iko kwenye safu hiyo. Hata karne ya 19 jeshi hilo lilikuwa tayari na meli ndogo ya kivita yenye jina hilohilo.

Ile inayojulikana ilijengwa Nagasaki na kukabidhiwa jeshi Agosti 1942. Yenye mizinga tisa ya sentimita 46, ilikuwa pamoja na dada yake Yamato kati ya manowari nzito kuliko zote zilizowahi kuelea. Tarehe 24 Oktoba 1944, katika Bahari ya Sibuyan huko Ufilipino, ndege za Marekani ziliishambulia kwa mawimbi hadi ikazama na zaidi ya watu 1,000 kati ya takriban 2,400 waliokuwemo. Mabaki yake yalionekana Machi 2015 na timu ya Paul Allen, mmoja wa waasisi wa Microsoft. Habari hizo zilipoenea, picha ya samurai ilibandikwa tena kando ya picha za chuma kilichopinda. Waliozama humo walikuwa wametumikia meli yenye jina la jimbo.

"Mnara wa Tokyo Skytree una mita 634 kwa bahati tu"

Ulikusudiwa awali kuwa na mita 610 hivi. Kwa njia ya Kijapani ya kusoma tarakimu, sita ni mu, tatu ni sa, nne ni shi, na wajenzi wakachagua 634 ili urefu wenyewe uitaje nchi. Ulifunguliwa tarehe 22 Mei 2012. Heshima hapa ni ya jimbo, si ya mpiga upanga. Jambo ambalo wageni wengi hawaambiwi ni kwamba mnara umesimama Sumida, mashariki ya mto wa jina hilo, mahali ambapo kwa karne nyingi palikuwa jimbo la Shimōsa na pakahamishiwa Musashi katika karne ya 17 tu.

Mtaa wa Ryōgoku, ulioko kwenye mto huohuo, una uwanja mkuu wa sumo, na hapo ndipo mwanamieleka Musashimaru alipotamba. Yeye alizaliwa Samoa ya Marekani na kukulia Hawaii, kisha mwaka 1999 akawa yokozuna wa 67, daraja la juu kabisa la mchezo huo. Hakujipachika jina la samurai. Mwanzo wa jina lake ulitoka kwenye kambi yake, Musashigawa.

"Ni jina la wanaume"

Katika katuni ya Pokémon, iliyoanza kurushwa Japani mwaka 1997, wale majambazi wawili wa kundi la Roketi wanaitwa Musashi na Kojirō. Musashi ni mwanamke. Sisi tulioitazama kwa Kiingereza tuliwajua kwa majina ya Jessie na James, yaliyotoholewa kutoka kwa mhalifu wa Marekani Jesse James, tukakosa dokezo la pambano la kisiwani ambalo kila mtoto wa Kijapani angelidaka. Hapa, nakiri, chanzo ni samurai kweli.

"Stesheni za Musashi zinamkumbuka shujaa"

Musashi-Koganei, Musashi-Itsukaichi, Musashi-Kosugi: watalii husoma ramani wakidhani wanafuata nyayo zake. Jina la jimbo liliwekwa mbele ili abiria asipotee. Koganei nyingine ipo mkoa wa Tochigi, Itsukaichi nyingine ipo Hiroshima. Anayetaka stesheni yenye jina la mtu huyo aende Mimasaka, mkoa wa Okayama, ambako tangu 1994 treni husimama kwenye stesheni iitwayo Miyamoto Musashi, jina lake kamili, katika jimbo lingine kabisa.