Kwa nini chuo cha kijeshi cha West Point kiliurudia mchezo wake wa zamani, na Nebraska haiwezi?

Timu ya chuo ikianza kufungwafungwa huko Marekani, haichukui muda mashabiki wanaanza: turudi kwenye mchezo wetu wa asili! Wimbo huu hauimbwi kokote kama Nebraska, jimbo la mahindi na ng'ombe lisilo na timu kubwa ya kulipwa hata moja. Mjini Lincoln, kilipo Chuo Kikuu cha Nebraska, tiketi za uwanja wa Memorial zimekuwa zikiisha kila mechi ya futiboli ya Kimarekani tangu 1962. Mchezo wao wa asili unaitwa opsheni. Kwa mchezo huo kocha Tom Osborne alichukua ubingwa wa taifa 1994, 1995 na 1997. Mwaka 2004 ukawekwa kando, na tangu hapo ubingwa wanausikia kwa majirani.

Sasa, warudi? Kabla ya kujibu, tuuone mchezo wenyewe.

Kila upande una watu 11, na timu yenye mpira inapewa majaribio manne ya kuusogeza yadi 10. Mpira ukianza unakwenda kwa kwotabeki, ambaye ndiye dereva. Katika mchezo wa kawaida, kwotabeki akishampa mkimbiaji mpira kazi yake imekwisha, anabaki mtazamaji. Piga hesabu: toa kwotabeki, toa mwenye mpira, wamebaki tisa wa kuwazuia walinzi 11. Hesabu haitoki. Opsheni inaisawazisha kwa ujanja mmoja: walinzi wawili wanaachwa makusudi bila kuguswa na mtu, halafu wanachezewa akili.

Mtazame kwotabeki. Anapokea mpira, anageuka, anaukandamiza tumboni kwa mkimbiaji wa kati anayepita kwa kasi. Kwa hatua moja hivi wote wawili wameushika. Macho ya kwotabeki hayako kwenye mpira, yako kwenye mabega ya yule mlinzi wa kwanza aliyeachwa. Akibaki nje, mpira unaachiwa tumboni na mkimbiaji anapasua katikati. Akiingia ndani kumkaba mkimbiaji, kwotabeki anauchomoa na kutimka nao pembeni, ambako anamkuta mlinzi wa pili. Huyo naye akimvaa kwotabeki, mpira unarushwa kwa mkimbiaji mwingine anayekwenda sambamba naye. Akimfuata huyo mwingine, kwotabeki anakata ndani na kuendelea. Waliozoea raga, hasa wasomaji wa Nairobi, wameshaitambua: ni wawili kwa mmoja, na mlinzi akichagua yeyote amekosea.

Ukichezwa na watu wenye nguvu, hauzuiliki. Januari 2, 1996, katika mechi ya ubingwa, Nebraska iliichapa Florida 62-24 na kukimbia yadi 524. Kwotabeki Tommie Frazier alikimbia yadi 75 katika mbio moja huku walinzi wa Florida wakimdandia mmoja baada ya mwingine na kuporomoka. Hadi leo ukimwonyesha Mnebraska picha za mbio hizo hatakuacha uondoke mapema.

Lakini mashabiki wanaruka jambo moja. Miaka ile opsheni haikuwa siri ya Nebraska. Oklahoma, hasimu wao mkubwa, walikuwa na ya kwao, na Colorado vilevile. Wapinzani waliijua vizuri kabisa na bado walipigwa. Kilichowapiga kilikuwa ukuta wa mbele, wale watu watano wanaofungua njia. Nebraska ilitangulia wenzake kumwajiri kocha wa mazoezi ya nguvu, Boyd Epley, tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, wakati makocha wengi bado waliamini kunyanyua vyuma kunamfanya mchezaji awe mzito. Juu ya hapo kulikuwa na vijana wa mashambani waliokuja bila ufadhili wa chuo, wakajilipia, wakakaa miaka minne au mitano wakijengwa, mpaka wakawa sehemu ya ukuta huo. Osborne alikaa misimu 25, na hakuna hata mmoja ambao alishinda mechi chini ya tisa. Mtu wa namna hiyo angecheza mfumo wowote angeshinda. Hilo ni langu, na najua Lincoln wataninunia.

Hivyo vyote sasa viko wapi? Ukumbi wa vyuma kila chuo kinao, na baadhi ni vikubwa kuliko hospitali za wilaya. Mchezaji anaruhusiwa kuhama chuo bila kukaa msimu mzima benchi, na tangu Julai 2021 anaruhusiwa pia kulipwa na wafanyabiashara wanaotumia jina lake. Kijana wa ukutani unayemfundisha miaka mitatu, mwaka wa nne anaweza kuwa anakufungulia njia upande wa pili. Na kijana mwenye ndoto ya ligi ya kulipwa, NFL, ambako hakuna anayecheza opsheni ya Osborne, utamvutaje? Mdakaji hodari hataki kwenda mahali ambapo mpira utarushwa mara nane kwa mechi.

Kuhama mfumo nako kuna bei yake. Georgia Tech walicheza opsheni chini ya Paul Johnson kuanzia 2008 hadi 2018, kisha wakaamua kwenda na wakati. Misimu mitatu iliyofuata walishinda mechi tatu, tatu, tatu. Walikuwa na kikosi kilichosajiliwa kwa kazi nyingine, kama fundi aliyeagizwa kushona suti akiwa na duka la mbao. Nebraska wenyewe walionja hivyo 2004: kocha Bill Callahan alileta mchezo wa pasi, na jimbo likapata msimu wa kwanza wa kufungwa mara nyingi kuliko kushinda tangu 1961. Kurudi opsheni leo kungekuwa machungu yaleyale kinyumenyume.

Mwaka 2018 walijaribu dawa nyingine, wakamrudisha mtoto wa nyumbani. Scott Frost ndiye alikuwa kwotabeki wa ubingwa wa 1997. Akaja na mfumo wa kisasa, akashinda 16 na kupoteza 31. Kilichomwondoa Septemba 2022 ni kipigo cha 45-42 nyumbani kutoka kwa Georgia Southern, chuo kilicholelewa na opsheni ambacho mwaka huohuo kilikuwa kimeitupa na kuanza kurusha mpira! Asiyecheka hapo hana moyo.

Sasa njoo West Point, New York, kwenye chuo cha kijeshi ambacho timu yake huitwa Army. Wao walicheza opsheni miaka mingi kwa sababu ya wazi: mwanafunzi wao atakuwa ofisa wa jeshi, lazima afaulu vipimo vya mwili, kwa hiyo jitu la kilo 150 halipati nafasi. Ukuta wao ni mwepesi. Opsheni inawafaa wepesi, maana mlinzi mkubwa kuliko wote unamwacha tu asimame akishangaa. Pia inakula saa. Septemba 2018 dhidi ya Oklahoma, Army walikaa na mpira karibu dakika 45 kati ya 60, na Oklahoma, timu ya nguvu, ikalazimika kuponea muda wa nyongeza, 28-21.

Kisha 2022 sheria ikabadilika: kumzuia mtu chini ya kiuno kukaruhusiwa tu karibu na pale mpira unapoanzia. Mdogo kumwangusha mkubwa kwa magoti ilikuwa nusu ya opsheni. Msimu wa 2023 Army wakabadilisha, kwotabeki akasimama mbali nyuma kama timu nyingine zote. Wakaishia 6-6, yaani mechi sita walishinda na sita walipoteza. Mwaka 2024 kocha Jeff Monken akarudisha karibu kila kitu: kwotabeki mgongoni kwa mtu wa kati, mpira tumboni, mabega yasomwe. Wakakimbia zaidi ya yadi 300 kwa mechi, hakuna chuo kikubwa kilichowafikia. Kwotabeki Bryson Daily akafunga mara 32 kwa kukimbia na mpira mkononi. Wakamaliza 12-2 na taji la kwanza la ligi katika historia yao.

Kwa hiyo jibu langu: Army walirudi kwa sababu shida iliyowapeleka kwenye opsheni bado wanalala nayo chumba kimoja. Hawana NFL ya kuuza, wanafunzi wao ni wepesi vilevile, na sasa uhaba wa timu zinazocheza opsheni umekuwa silaha. Mpinzani ana siku tatu au nne za kujifunza kitu ambacho hajakiona mwaka mzima. Nebraska hawana shida hiyo. Wana pesa na wana uwanja, na wako Big Ten, ligi ya vyuo vikubwa, ambako baada ya misimu michache kila mtu angewazoea. Wanachokitamani ni ule ukuta, na ukuta haumo kwenye daftari la mbinu.

Na huo uhaba una mpaka wake. Desemba 14, 2024, siku nane baada ya kubeba taji, Army walikutana na Navy, chuo cha jeshi la majini, watu ambao wamekulia kwenye opsheni hiyohiyo. Walilala 31-13.