Mtoto mwenye selimundu akipata homa, usingoje kukuche

Mimi ni muuguzi wa kliniki ya selimundu, ugonjwa ambao wengi mnauita sikoseli, huku Kanda ya Ziwa. Watoto wetu wengi wanasoma, wanacheza na wanakua. Lakini karibu kila wiki nasikia habari ileile: homa ilianza Ijumaa, mtoto akapewa panado. Jumamosi ikanunuliwa dawa ya mseto dukani. Jumapili akapelekwa kuombewa. Jumatatu analetwa kwetu mgongoni, shingo imelegea. Maswali haya ndiyo ninayoulizwa mara nyingi, na nimeyajibu jinsi ninavyowajibu wazazi tukiwa tumekaa kwenye benchi.

Sista, selimundu ni nini hasa?

Ni ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu. Chembe ya kawaida ni laini, ya duara, na huishi kama siku 120. Ya selimundu hujipinda kama mundu, hukakamaa, hukwama kwenye mishipa midogo na kufa ndani ya siku 10 hadi 20. Zikikwama, mtoto anapata maumivu makali. Kwa kuwa zinakufa mapema, damu inapungua na macho yanakuwa ya manjano.

Ugonjwa huu unatoka kwa mama?

Unatoka kwa wote wawili. Baba na mama wakiwa na AS, yaani kila mmoja amebeba kinasaba kimoja cha selimundu, hawaumwi, lakini kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kumpata mtoto mgonjwa. Nasema kila mimba: mmoja akizaliwa nao, haina maana kwamba watatu wanaofuata wamepona. Inaniuma kumwona mama anakuja kliniki peke yake miaka nenda rudi kwa sababu upande wa mume wamesema ukoo wao hauna ugonjwa huo. Baba, na wewe umo. Njoo na kadi ya mtoto siku moja, usikie mwenyewe anavyoendelea.

Akipata homa, nimpe panado kwanza nione kesho?

Hapana. Kwa mtoto mwenye selimundu hakuna kuona kesho. Bandama, kiungo kinachosaidia kukamata vimelea kwenye damu, huharibika mapema, mara nyingi akiwa bado mdogo sana. Bakteria ambao kwa mtoto wa jirani wangeleta kikohozi tu, kwake wanaweza kusambaa kwenye damu na kumuua ndani ya saa chache. Joto likifika nyuzi 38, au huna kipimajoto lakini mwili unachoma, nenda hospitali saa hiyohiyo.

Na panado ikishusha homa?

Nenda vilevile. Panado imeshusha joto, haijaua bakteria.

Kama ni malaria tu?

Huwezi kujua kwa kumgusa paji la uso, na hata malaria yenyewe ni hatari zaidi kwake. Anahitaji kupimwa, na mara nyingi kuanzishiwa antibayotiki bila kusubiri majibu yote. Wazazi wangu, msinunue mseto wa kubahatisha. Maombi siyapingi, nami naomba. Ombeni mkiwa njiani.

Ikiwa ni usiku na sina nauli?

Jambo hili lipangwe mchana, mtoto akiwa mzima. Weka nauli ya kwenda tu, isiguswe hata unga ukiisha. Kuwa na namba ya bodaboda mmoja anayekubali kuamshwa. Kadi ya kliniki ikae mahali ambapo hata bibi yake anapajua. Mkifika, semeni kabla ya salamu ndefu: "Mtoto huyu ana selimundu na ana homa." Msikae kwenye foleni kimya kwa adabu.

Maumivu je, yote ni ya hospitali?

Yasiyo makali mnaweza kuanza nayo nyumbani: maji mengi, blanketi, kitambaa cha uvuguvugu, na dawa ya maumivu mliyopewa kliniki. Yakizidi, njooni. Ila kifua kuuma au kupumua kwa shida, udhaifu wa upande mmoja, weupe wa ghafla au tumbo kuvimba kushoto, ni mbio hospitali. Na wavulana: uume ukisimama na kuuma bila kulala, hiyo ni dharura, siyo aibu. Wanaficha mpaka madhara yanakuwa ya kudumu.

Anatumia haidroksiurea, ile dawa ya kupunguza maumivu ya selimundu, na sasa haumwi. Nimwachishe?

Haumwi kwa sababu anaitumia! Endeleeni nayo, na vipimo vya damu kwa tarehe. Walio chini ya miaka mitano wapewe na penisilini asubuhi na jioni, kila siku. Vidonge vya madini ya chuma vya "kuongeza damu" msijinunulie. Tatizo lake kwa kawaida siyo uhaba wa madini hayo.

Ni kweli hawafiki utu uzima?

Siyo kweli, na acheni kuyasema mbele yao. Nina wagonjwa waliokuja hapa wakibebwa, leo wanaleta watoto wao wenyewe. Mpeni mtoto daftari na mpira, acheze, apumzike akichoka, asikae na nguo iliyolowa. Mwalimu amruhusu kuwa na chupa ya maji darasani na kutoka kwenda chooni, maana figo zake hutoa mkojo mwingi. Akikojoa kitandani asichapwe. Hana kosa.

Sisi ndugu tusaidie vipi?

Changieni damu kabla hajaihitaji. Mpokeeni zamu mama yake wodini, naye akaoge na alale. Na kijana akisema anaumwa, mwaminini. Wapo wanaoambiwa ni wavivu, au wamezoea sindano, hao hao waliokesha wakiuma shuka ili wasiwaamshe wengine.

Sista, ana homa lakini anacheza vizuri tu. Nimlete?

Mlete. Mlete na mpira wake, atacheza hapa barazani tukisubiri majibu ya damu.