Je, Wajua? Kwa Nini Redio ya Bukavu Ilikwama Nyuma ya Kilima, na ya Mbali Ikaingia Usiku?

Aliyeishi Bukavu, mashariki mwa Kongo, katika miaka ya 1990 atakumbuka jambo lililowatatiza wengi. Redio ya mjini, ambayo mtu angeweza kuifikia kwa miguu akapeleka mwenyewe tangazo la msiba, ilianza kukoroma mara tu msikilizaji alipoteremka upande wa pili wa kilima; lakini giza lilipoingia, London na Dar es Salaam zilisikika katika redio ile ile, tena kwa Kiswahili. Iliwezekanaje jirani azuiwe na kilima kimoja, na mgeni avuke majangwa na misitu?

Jibu limo katika urefu wa wimbi, yaani umbali kutoka kilele kimoja cha wimbi la redio hadi kinachofuata. Redio ndogo zilizoibuka baada ya serikali ya Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, kulegeza mkono wake juu ya utangazaji, kuanzia mwaka 1990, zilichagua FM kwa sababu mtambo wake ni mdogo, gharama yake inavumilika na sauti yake ni safi. Ndivyo Radio Maendeleo ilivyoanza Bukavu mwaka 1993, na ndivyo jiji lilivyopata kituo kilichozungumza bei za sokoni, kilimo na habari za mtaani kwa Kiswahili, Kifaransa na Mashi, badala ya kungoja yote yaamuliwe Kinshasa, umbali wa takriban kilomita 1,500 kwa mstari ulionyooka.

Wimbi la FM lina urefu wa mita 3 hivi, na wimbi fupi namna hiyo husafiri karibu kama mwanga wa taa: hunyooka, halizunguki mlima, wala halirudishwi chini na anga bali hutoboa na kupotelea juu. Mtambo wenye antena iliyo mita 100 juu ya nchi tambarare hufika kilomita 40 hivi kabla mviringo wa dunia haujaukata. Bukavu, hata hivyo, si nchi tambarare. Mji umejengwa juu ya rasi zinazochomoza ndani ya Ziwa Kivu kama vidole, ambalo lenyewe liko karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na nyuma yake milima inapanda kuelekea mlima Kahuzi, wenye kilele cha mita 3,308. Ziwani wimbi halina cha kulizuia, na ndiyo maana mtu wa ng'ambo ya maji anaweza kusikia vizuri kuliko mwenye nyumba bondeni, hatua chache tu kutoka studio. Kwa maneno mengine, mipaka ya redio ya mji haikuchorwa na komini za Ibanda, Kadutu na Bagira. Ilichorwa na migongo ya vilima.

Hata ndani ya nyumba moja kulikuwa na mahali pa redio. Mawimbi yanayogonga ukuta, bati na mteremko wa mlima hurudi na kukutana na yale yanayokuja moja kwa moja; pengine yanasaidiana, pengine yanauana. Kwa wimbi la mita 3, kutoka mahali pa sauti hadi mahali pa ukimya ni sentimita 75 tu, yaani umbali wa kuhamisha redio kutoka mezani hadi dirishani. Kwa hiyo baba aliyekataza watoto wasiguse redio iliyokwisha kupata pembe yake hakuwa mkali bure. Hata ile hali ya mtu kushika antena, sauti ikanyooka, na kuiachia, mkoromo ukarudi, ina sababu yake: mwili wa binadamu hupitisha umeme, hivyo aliyeshika antena alikuwa sehemu ya antena. Nyumbani kwetu kazi hiyo ilimwangukia kitinda mimba, ambaye alisikiliza habari nzima akiwa amesimama.

Sasa tuje kwenye sauti za mbali. Hizo zilisafiri kwa masafa ya kati, yenye mawimbi ya mita mia kadhaa, au masafa mafupi, yenye makumi ya mita. Juu yetu kuna tabaka za hewa zilizotiwa umeme na jua, ambazo kwa pamoja huitwa ayonosfia. Ile ya chini, iliyo kati ya kilomita 60 na 90, hunyonya mchana mawimbi ya masafa ya kati na sehemu ya masafa mafupi. Jua la Bukavu, ambalo mwaka mzima huzama karibu na saa kumi na mbili jioni, linapoondoka, tabaka hiyo hufifia upesi. Tabaka ya juu zaidi, kwenye kilomita 250 na kuendelea, hubaki, nayo huyarudisha mawimbi duniani kama kioo. Mruko mmoja huweza kufika zaidi ya kilomita 3,000, na wimbi lililoanguka likaruka tena.

Hapa pana kichekesho kidogo. Sauti ya Deutsche Welle haikusafiri kila mara kutoka Ujerumani, kwani tangu miaka ya 1960 shirika hilo lilikuwa na mitambo ya masafa mafupi Kigali, ambako ni kama kilomita 150 tu kutoka Bukavu. Lakini wimbi linaloruka huacha eneo bubu kati ya mahali linapopanda na mahali linapoanguka, kwa hiyo kuwa karibu na mtambo wa masafa mafupi si hakikisho la kuusikia.

Radio Agatashya, iliyoanzishwa Bukavu mwezi Agosti 1994 na tawi la Uswisi la shirika la wanahabari Reporters sans frontières ili kuwahudumia wakimbizi na wenyeji, ilinyamaza vita vilipofika mwaka 1996. Radio Maendeleo nayo ilifungwa mwaka 1999 chini ya utawala wa kundi la waasi la RCD, kisha baadaye ikarudi hewani. Radio Okapi, redio ya Umoja wa Mataifa nchini Kongo, ilipoanza tarehe 25 Februari 2002, ilitumia satelaiti kupeleka sauti kwenye mitambo ya FM ya miji mbalimbali, ili kila mji uwe na mtambo wake upande wa huku wa mlima.

Leo wengi husikiliza FM kwa simu. Simu nyingi hukataa kufungua redio mpaka uchomeke waya wa masikioni, kwa kuwa waya huo ndio antena yake. Na abiria wa pikipiki anayeupachika sikioni akitoka mjini, kwenye kona ile ile aliyoijua baba yake, husikia mkoromo ule ule.