Semina Pekee Haimfunzi Muuguzi wa Zahanati

Nimechoka kusoma ripoti zinazoishia na pendekezo lile lile: huduma za zahanati ni duni, kwa hiyo wauguzi wapelekwe semina. Mtu aitwe mjini siku tano, aoneshwe slaidi, apewe cheti na posho, kisha ahesabiwe kuwa ameiva. Nafundisha wauguzi, na nawaambia waandishi wa ripoti hizo kwamba tatizo hawajaligusa.

Chukua kuhesabu pumzi tu. Mtoto anakohoa: ana miezi 2 hadi 11, pumzi 50 au zaidi kwa dakika ni za haraka, mwaka 1 hadi 5, ni 40; pumzi za haraka ndiyo dalili tunayoitumia kumtibu nimonia. Namba hizo wauguzi wanazikariri siku ya kwanza. Kuhesabu kwenyewe ndiko kugumu. Mtoto awe ametulia, mama amfunue kifua, muuguzi atazame mshale wa sekunde kwa dakika nzima. Usihesabu sekunde 15 ukazidisha kwa nne, maana mtoto mchanga hapumui kwa mwendo mmoja; anakwenda mbio, anapunguza, anasita kidogo. Akilia, subiri anyamaze, anza upya. Sasa weka foleni mlangoni, saa ya ukutani imeisha betri, na mwenzake yuko likizo. Mkono unaandika antibiotiki ya amoksilini kabla kifua hakijafunuliwa. Muuguzi huyo anajua kila kitu utakachomfundisha mjini! Ukimwita tena, umempa alichonacho na umeiacha zahanati bila mtu.

Hospitali ya Haydom, Tanzania, ililipima jambo hili kwa upande wa watoto wanaozaliwa bila kupumua. Baada ya kozi ya siku moja wahudumu walimudu vizuri kwenye mwanasesere, lakini chumba cha kujifungulia kikabaki kama zamani. Baadaye yakaanzishwa mazoezi mafupi ya kila wiki, dakika 3 hadi 5, pale pale kazini. Vifo ndani ya saa 24 za kwanza vikashuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000.

Ndiyo maana nang'ang'ania usimamizi wa kukaa na muuguzi kazini. Kusaini kitabu cha wageni, kukagua leja ya dawa na kuondoka kabla ya mchana hakumfunzi mtu.

Nina mashaka yangu pia. Wasimamizi wengi hawajashika mgonjwa kwa miaka, na hela ya mafuta ya gari hukatika mradi ukiisha. Hata kipimo chenyewe kinanisumbua: watoto wengi wenye pumzi za haraka hawana nimonia ya bakteria, na tunawapa antibiotiki ambayo hawakuihitaji. Bado nakifundisha, kwa sababu pasipo eksirei sijaona mbadala ninaoweza kumkabidhi muuguzi aliye peke yake, na nimonia inaua haraka.

Ukienda kusimamia, beba saa yenye mshale wa sekunde uiache huko. Kaa kando ya muuguzi, mhesabu wote wawili mtoto mmoja kwa dakika ile ile, kila mtu aandike namba yake bila kumwonesha mwenzake, ndipo mlinganishe. Zikipishana kiasi cha kubadili matibabu, rudieni hapo hapo, mama akiwa bado amempakata.