Mito ya Kilimanjaro haitegemei theluji ya Kibo

Husemwa mara kwa mara, hata katika hotuba za mazingira, kwamba theluji ya Kibo, kilele kirefu zaidi cha Kilimanjaro, ikitoweka, mito inayoshuka Uchagani na kuelekea Pangani itakauka. Barafu inapungua kweli: eneo la takriban kilomita za mraba 12 lililopimwa mwaka 1912 lilikuwa limepotea kwa zaidi ya asilimia 80 kufikia mwaka 2007. Hata hivyo, mchango wake kwa mito ni mdogo mno kuliko unavyodhaniwa, kwa kuwa huko juu, karibu na kilele cha mita 5,895, hewa ni kavu na baridi kiasi kwamba sehemu kubwa ya barafu hugeuka mvuke moja kwa moja bila kuwa maji kwanza.

Maji yenyewe hutoka chini zaidi, katika ukanda wa msitu ulio kati ya mita 1,800 na 3,000 hivi, ambako mvua ni nyingi na ukungu hunaswa na majani na matawi, kisha hupenya miamba ya volkano na kuibuka kwenye chemchemi zinazolisha mifongo, yaani mifereji ya umwagiliaji, ya mashamba ya migomba. Kwa maoni yangu, anayeihofia mito aanze na ukataji miti na moto, kama ule wa Oktoba 2020.

Kwamba barafu ya juu haitoi maji mengi, wapanda mlima wangeweza kulishuhudia wenyewe: kambi ya Barafu, ambayo ni ya mwisho kabla ya kilele kwa njia ya Machame, haina maji, na wapagazi huyabeba kutoka bonde la Karanga.